Je, Wajua? Damu Uliyojiwekea Mwenyewe

Mjomba wangu anasubiri kubadilishwa nyonga ya kushoto. Hospitali ilipomwambia alete ndugu wawili wa kuchangia damu, alinipigia simu usiku ule ule. "Mjomba," akaanza, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "hivi kwa nini nisitoe yangu mwenyewe? Nikatoe leo, waniwekee kwenye friji lao, siku ya kisu wanirudishie. Kwani mtu akienda benki anachukua hela ya jirani?" Nilicheka. Kisha nikakaa na swali lake siku tatu, na safu ya leo yote imekuwa yake.

Je, wajua kwamba anachokitaka mjomba kilishafanyika, tena kwa mamia ya maelfu ya chupa kwa mwaka? Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu aliyepangiwa kubadilishwa nyonga alikwenda benki ya damu mwezi mmoja hivi kabla ya upasuaji. Akatolewa chupa moja, akapewa vidonge vya kuongeza madini chuma, akarudi wiki iliyofuata kwa chupa ya pili, pengine na ya tatu. Ya mwisho ilitakiwa itoke angalau saa 72 kabla ya kisu, ili mwili uwahi kurudisha maji uliyopoteza. Chupa zilibandikwa jina lake na onyo kwamba ni zake peke yake, zikamsubiri.

Je, wajua kwamba masharti yalilegezwa kwa ajili ya watu hao? Hapa Tanzania mchangiaji wa kawaida awe na miaka 18 hadi 65 na kilo zisizopungua 50. Kule Marekani, aliyejiwekea damu yake mwenyewe hakuwekewa ukomo wa umri, na bibi wa miaka 80 alikaribishwa kitandani sawa na kijana. Marekani mchangiaji wa kawaida alidaiwa wingi wa damu wa 12.5, lakini huyu alipita hata akiwa na 11. Ukumbuke ulegevu huu. Tutaurudia, na hautakuwa na sura nzuri.

Je, wajua kwamba "chupa ya damu" si chupa tangu zamani? Mfuko wa plastiki ulibuniwa Marekani mwaka 1950 na Carl Walter na William Murphy, nasi tukaendelea na jina la kioo. Ukienda kuchangia, utazame: mfuko umelala juu ya kimizani kinachotikisika taratibu kama mama anayebembeleza mtoto. Ndani yake kuna maji maangavu, mililita 63, yaliyotangulia kabla ya damu yako. Kimizani hutikisa ili damu na maji hayo yachanganyike, na kinapofika mililita 450 kinalia. Muuguzi anabana mrija. Wewe unaulizwa kama unasikia kizunguzungu, unakataa hata kama unakisikia, unapewa soda.

Na maji hayo maangavu yana jamaa wa uchachu wa ndimu. Ni sitreti, chumvi inayotokana na asidi ile ile ya malimau. Hukamata kalsiamu iliyomo kwenye damu, na damu isiyo na kalsiamu haigandi. Kabla ya sitreti, mtoaji na mpokeaji walilazwa bega kwa bega, mshipa wa huyu ukaunganishwa na wa yule, kazi ikaisha hapo hapo. Mwaka 1914 Albert Hustin wa Brussels na Luis Agote wa Buenos Aires, kila mmoja kivyake, waliijaribu sitreti kwa binadamu. Tangu hapo damu ikaweza kungoja.

Je, wajua ingengoja kwa muda gani? Siku 35 kwa maji yale ya kawaida, siku 42 ikiongezwa virutubisho vya kisasa, katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6. Ikigandishwa pamoja na gliserini hufika miaka 10, lakini gharama yake ni ya watu wenye damu adimu.

Upasuaji ukiahirishwa je? Palikuwa na ujanja. Mgonjwa alirudishiwa chupa yake ya zamani iliyokaribia kuharibika, papo hapo akatolewa mbili mpya. Wenye vikoba watauelewa mchezo huu haraka kuliko mimi.

Je, wajua kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kurudishiwa damu yao yumo mtu ambaye hakuitoa kwa hiari? Edinburgh, mwaka 1885, alifikishwa mtu aliyepondwa mguu na treni. Daktari John Duncan alipokuwa akiukata mguu ule, aliikinga damu iliyochuruzika, akaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, akamrudishia mshipani. Mtu akapona. Kuitoa kabla, kwa utulivu na kwa mpango, kulikuja baadaye: mwaka 1921 huko Philadelphia daktari Grant alimtolea damu mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo na kumwekea, kwa sababu mwenye kundi kama lake hakupatikana.

Je, wajua kwamba wenzetu wa hospitali za wilaya wamekuwa wakirudisha damu ya mtu kwa mwenyewe bila friji wala miadi? Mama analetwa usiku, mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Amepauka, mapigo ya moyo yanakimbia, na benki ya damu haina kundi lake. Daktari anafungua tumbo na kukuta lita moja, lita mbili, zimetulia humo ndani. Damu ile ni safi, ni ya kundi lake, na ina joto lake. Anaomba upawa. Upawa kweli, wa kuchotea mchuzi, ila huu umechemshwa na kutakaswa. Anachota, anachuja kwa shashi iliyokunjwa mara nyingi ndani ya faneli, damu inaingia kwenye chombo chenye sitreti, na kutoka hapo inarudi mkononi mwa mama kwa mrija. Masharti ni kwamba isiwe ya siku nyingi na utumbo usiwe umetoboka. Nchi tajiri zina mashine inayoifyonza damu, kuiosha na kuizungusha kabla ya kuirudisha, na mashine hiyo hutumika hata kwenye nyonga ngumu. Kimsingi ni upawa wenye waya wa umeme.

Je, wajua ni nini hasa kilichowakimbiza Wamarekani kwenye damu zao wenyewe? Woga, na woga wenye sababu. Taarifa ya kwanza ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI ilichapishwa huko tarehe 5 Juni 1981. Mwaka uliofuata ikaonekana wazi kwamba wenye hemofilia, wanaoishi kwa dawa zilizotokana na damu za watu, nao wanaugua. Kipimo cha kukagua damu kikaidhinishwa Machi 1985. Hesabu mwenyewe miezi iliyopita hapo katikati, na uweke ndani yake kila chupa iliyotundikwa juu ya kitanda cha mgonjwa.

Mmojawapo wa waliopata chupa hizo alikuwa Arthur Ashe, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1975. Alifanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1983, akapewa damu pamoja na virusi. Alitangaza mwaka 1992, akafariki Februari 1993. Mwingine ni Paul Gann, mzee wa siasa za kodi kule California. Aliongezewa damu kwenye upasuaji wa moyo mwaka 1982, akafariki mwaka 1989, na jimbo likapitisha sheria yenye jina lake. Ilimtaka daktari amweleze mgonjwa, kabla ya upasuaji unaoweza kuhitaji damu, njia zote zilizopo, ikiwamo ya kujitolea mwenyewe. Ebu jiweke wewe mbele ya daktari huyo. Amekueleza njia zote, magazeti umeyasoma, Ashe umemwona kwenye televisheni. Ungechagua ipi?

Je, wajua kwamba karibu nusu ya damu hiyo ya kujiwekea iliishia kumwagwa?

Nusu. Mtu ametobolewa mkono mara tatu, ametembea na magongo kutoka kituo cha basi, kumbe siku ya siku hakuhitaji, au alihitaji chupa moja tu. Na zilizobaki hazikwenda kwa jirani wa wodi ile ile, kwa sababu ya ule ulegevu wa masharti. Mwenye damu ni mzee, ana presha, anameza dawa kadhaa, wingi wake ni 11. Kwa mwenyewe inafaa, kwa mwingine haifai. Mimi hapa ndipo ninapoumia kuliko pote, pengine kwa sababu nimekulia mahali ambapo chupa moja inatafutwa kwa matangazo ya redio na kwenye makundi ya simu ya ukoo.

Je, wajua gharama yake? Mwaka 1995 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha hesabu iliyogusa aina nne za upasuaji, nyonga ikiwamo. Mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa kwa njia hii uligharimu kuanzia dola 235,000 hadi zaidi ya dola milioni 23. Sababu ni nyepesi. Vipimo vilikuwa vimeshaisafisha damu ya watu wengine, kwa hiyo hatari iliyokuwa ikikimbiwa ilishakuwa ndogo mno. Leo katika nchi tajiri uwezekano wa kupata VVU kwa kuongezewa damu haufiki chupa 1 kwa kila milioni 1.

Mwaka huo huo wa 1995 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba anayejitolea mwenyewe ana uwezekano mara 12 zaidi wa kupata madhara makubwa ya kumfikisha hospitali, akilinganishwa na mchangiaji wa kawaida. Haishangazi. Mmoja ni kijana wa chuo, mwingine ni mzee mgonjwa.

Je, wajua kwamba damu yako mwenyewe inaweza kukudhuru? Ipo bakteria iitwayo Yersinia. Huingia kwa njia ya tumbo, hupenda madini chuma na, tofauti na wadudu wengi, hunawiri kwenye baridi ya friji. Mtu anaharisha kidogo Jumatatu, Alhamisi anajitolea, mfuko unakaa wiki nne, na Yersinia anakaa naye humo akizaliana. Ndiyo maana anayejiwekea damu huulizwa kuhusu tumbo lake. Halafu kuna jina. Makosa ya kumpa mtu mfuko usio wake hutokea kwenye karatasi na kwenye lebo, na kwenye lebo damu zote ni sawa. Vituo vingine vilimtaka mgonjwa aweke sahihi yake kwenye lebo ya mfuko, ili siku ya kumrudishia ilinganishwe.

Sasa tufike kwenye kiini cha swali la mjomba.

Je, wajua kwamba mwili hutengeneza chembe nyekundu karibu milioni 2 kila sekunde? Na kila chembe huishi siku 120 hivi. Maji ya damu uliyotoa hurudi ndani ya siku moja au mbili, ila chembe zenyewe hudai wiki nyingi. Na uboho hauzitengenezi kwa hewa. Kila chupa huondoka na miligramu 200 hadi 250 za madini chuma, wakati utumbo wako, hata ukila vizuri, hunyonya miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Piga hesabu: chupa moja ni deni la miezi. Mgonjwa wa Marekani alitoa tatu ndani ya wiki tatu. Alipopanda kitanda cha upasuaji alikuwa na friji iliyojaa na mwili uliopungua. Daktari alipomkata, damu kidogo iliyotoka ilitosha kumshusha chini ya mstari, akahitaji kuongezewa. Akaongezewa yake. Akatoka akishukuru kwamba alijiwekea!

Kuna waliolipima jambo hili. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Chicago kilichapisha matokeo mwaka 2002. Wagonjwa 96 wa kubadilishwa nyonga, wote wakiwa na wingi mzuri wa damu, waligawanywa kwa bahati nasibu: 42 walijitolea chupa mbili kila mmoja, 54 hawakutoa tone. Katika wale 54 hakuna hata mmoja aliyehitaji damu, yake wala ya mtu. Katika wale 42, karibu 7 kati ya kila 10 walirudishiwa damu yao. Nilipomsomea mjomba takwimu hizi alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo walichimba shimo ili wapate udongo wa kulifukia." Sina la kuongeza.

Je, wajua kwamba kwa muda mrefu mstari wa kuongezewa damu ulikuwa 10, na ulitokana na mazoea tu? Ushauri huo uliandikwa mwaka 1942 na madaktari wawili wa Marekani, ukarithiwa kizazi hadi kizazi kama kanuni ya jando. Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga, wastani wa umri wao ukipita miaka 80, wenye moyo mgonjwa au vihatarishi vyake. Nusu waliongezewa damu walipofika 10. Wengine walingojwa wafike 8, au waonyeshe dalili. Baada ya siku 60, idadi ya waliokufa au kushindwa kutembea ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Chupa ngapi zilitundikwa kabla ya hapo bila haja?

Je, wajua kwamba dawa iliyosaidia kuizika biashara ya kujiwekea damu iligunduliwa na mama mwenye mtoto mgongoni? Utako Okamoto wa Japani, pamoja na mumewe Shosuke, waliichapisha mwaka 1962: asidi ya traneksamiki. Haigandishi damu. Inalilinda bonge lililokwisha kuganda lisiyeyuke mapema. Baada ya vita walikuwa hawana fedha za utafiti, na Okamoto alieleza uzeeni kwamba walichagua damu kwa sababu, ikipungua maabara, wangeweza kujitoa yao wenyewe. Mtoto alipokosa wa kumlea, alimfunga mgongoni akaendelea na kazi.

Nia yake ilikuwa kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Dunia ilimsikia polepole sana. Utafiti mkubwa wa wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, ulichapishwa mwaka 2017 na kuonyesha kwamba dawa hiyo inapunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa ndani ya saa 3. Okamoto alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98. Siku hizi sindano hiyo hiyo huchomwa kwa wanaobadilishwa nyonga karibu kila mahali, na bei yake haikaribii ya chupa tatu za kujiwekea.

Na ganzi ya mgongo, ile ya kukaa umeinama huku umekumbatia mto, nayo hupunguza damu inayopotea kwenye nyonga kuliko nusukaputi. Watu wengi huiogopa bure.

Je, wajua kwamba mwaka huo huo wa 1962 ndio ulioleta nyonga bandia tunayoijua? Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, alikuwa ameshawawekea wagonjwa karibu 300 kikombe cha tefloni, ile inayopakwa kwenye vikaango. Ndani ya miaka michache vikombe vikalika, nyonga zikavimba kwa unga wa plastiki. Charnley alijipandikiza tefloni kwenye paja lake mwenyewe ili aone nyama inavyoikasirikia, akawafungua upya wagonjwa wake. Hapo akaja muuzaji na kipande cha plastiki nyingine, poliethilini ngumu. Charnley aliibinya kwa kucha, akaitupilia mbali. Fundi wake wa maabara, Harry Craven, aliiokota, akaifunga kwenye mashine ya kusugua bosi alipokuwa safarini. Kwa wiki tatu ililika kidogo kuliko tefloni ilivyolika kwa siku moja. Novemba 1962 ikaingia mwilini mwa mtu. Nyonga nyingi za leo ni wajukuu wa kipande kile kilichotupwa.

Je, wajua kwamba kabla ya plastiki palikuwa na pembe za ndovu? Themistocles Gluck aliweka nyonga ya pembe mjini Berlin mwaka 1891, miaka ambayo Unguja ilikuwa bandari kuu ya pembe za Afrika Mashariki. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, na usaha ukaishinda kazi. Lakini kule Mandalay, Burma, daktari San Baw aliirudia pembe mwaka 1960 kwa mtawa wa kike wa miaka 83, akaendelea hadi akapita wagonjwa 300, wengi wakitembea vizuri.

Je, wajua kwamba wapo wanaotibiwa nyonga bila damu yoyote, hata yao? Kwa miaka mingi Mashahidi wa Yehova hawakupokea damu iliyotoka mwilini ikahifadhiwa, hivyo mpango wa mjomba kwao haukufaa. Mashine ile ya kufyonza na kurudisha papo hapo iliachiwa dhamiri ya kila mmoja. Ukubaliane nao au usikubaliane, waliwafundisha madaktari nidhamu ya mkono. Denton Cooley na mwenzake wa Houston waliripoti mwaka 1977 upasuaji 542 wa moyo na mishipa kwa waumini hao, wote bila kuongezewa damu.

Je, wajua kwamba wanamichezo nao walijiwekea damu? Unatoa, unaihifadhi, mwili unajaza pengo, siku ya mashindano unairudisha na misuli inapata wabebaji wa ziada wa oksijeni. Kamati ya Olimpiki iliipiga marufuku baadaye katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo, Moscow mwaka 1980, Mfini Kaarlo Maaninka alipata fedha katika mita 10,000 na shaba katika mita 5,000, na baadaye akakiri kwamba aliongezewa damu. Wakati ule haikuwa kosa kisheria. Katika zile mita 5,000, aliyesimama juu yake na medali ya fedha alikuwa Suleiman Nyambui wa Tanzania.

Je, wajua ni nani kwetu anayebadilishwa nyonga akiwa kijana? Mara nyingi ni mwenye sikoseli. Chembe zilizojikunja kama mundu huziba mishipa myembamba inayolisha kichwa cha paja, mfupa unakufa njaa, na msichana wa miaka 25 anachechemea kama bibi yake. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Na hawa ndio wasioweza kujiwekea damu hata kidogo: wingi wao uko chini tangu mwanzo, na chembe zao zikikaa kwenye friji hujikunja na kupasuka. Wanategemea damu ya watu, iliyolinganishwa kwa uangalifu. Kwa hiyo yule anayekaa muda mrefu zaidi na nyonga bandia hapa kwetu anahitaji kabisa jirani, ndugu, na mwanafunzi wa sekondari aliyefuatwa shuleni na gari la damu salama.

Je, wajua kwamba bado yupo mtu ambaye mpango wa mjomba unamfaa? Mwenye kundi la Bombay. Liligunduliwa mjini humo mwaka 1952, na wengi wao wana asili ya India. Kipimo cha kawaida humwita O, kumbe hata O haimfai, anapokea tu kutoka kwa Bombay mwenzake. Mtu kama huyo akiwa na miadi ya upasuaji, friji ni rafiki.

Na mjomba je? Alipimwa wiki iliyopita: 10.9. Asingepita hata kwa masharti yale ya Marekani. Kisu kimesogezwa mbele, amepewa vidonge vya madini chuma, ameambiwa asinywe chai pamoja na chakula kwa sababu chai huyazuia madini hayo yasinyonywe. Kwa mtu wa chai ya maziwa asubuhi, ya rangi mchana na ya tangawizi jioni, hiyo ndiyo sehemu ngumu ya matibabu yote. Anakula maini na dagaa, anakamulia ndimu kila kitu, anavinywa vidonge kwa juisi ya machungwa huku akinuna. Ndugu wawili wameshachangia, mmoja ni binti yangu.

Nikamsimulia pia jambo moja la Charnley nililokuwa nimeliacha. Ili ajue vikombe vyake vinalika kwa kasi gani ndani ya binadamu, aliwaomba wagonjwa waweke sahihi kwamba wakifa, nyonga itolewe na irudi Wrightington ikapimwe. Wengi waliweka.

Simu ikawa kimya kidogo. "Sasa mjomba," akasema, "yaani damu yangu hawaniwekei, lakini chuma chao wanataka nirudishe?"